Kauli ya Mwenye Damu

Niliporudi Ibra na shahada yangu kutoka Misri nilikuta kazi mbili zinaningoja. Ya kwanza ilikuwa kusomesha jografia katika skuli ya sekondari ya wavulana. Ya pili ilikuwa kuamua kama mtu aliyemuua baba yangu auawe au aachwe hai. Kwa ile ya kwanza nilitakiwa vyeti, picha na barua ya daktari. Kwa ya pili hakuna aliyeniuliza nimesomea nini.

Baba aliuawa nikiwa chuoni. Alikuwa amerudi kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nchi hii ya Kiarabu ya mababu zetu ilipofunguka, kama walivyorudi wengi wetu: na masanduku, na cherehani, na imani kwamba hapa ndipo kwao. Babu yake alikuwa ameacha fungu la maji katika falaji, ule mfereji unaomwagilia mashamba yote ya mtaa wetu kwa zamu. Jirani yetu alikuwa akiitumia zamu hiyo, naye aliikuta kwa baba yake, na alipomwona mtu aliyezaliwa Unguja anakuja kudai maji kwa Kiarabu cha kubabaisha, alimwona mwizi. Wakashitakiana, baba akashinda. Alfajiri moja baba alikwenda kufungua maji yake, na jirani alikuwa amejibanza nyuma ya mtende na bunduki. Kishapo akaenda mwenyewe kwa wali, mkuu wa wilaya, akaiweka bunduki sakafuni, akakaa kitako kungoja.

Kwa hiyo hapakuwa na shaka nani kaua wala kama alikusudia. Palikuwa na shaka moja tu, nayo ilikuwa mimi. Sharia inawaita warithi wa aliyeuawa walii wa damu, wenye damu yao, na kisasi ni haki yao. Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu na mimi. Wote watatu wakitaka auawe, anauawa. Mmoja tu akisamehe, haguswi. Atakaa jela miaka na jamaa zake watatoa dia, fidia ya damu. Kaka alikwisha kusema auawe tangu siku ya maziko. Mama alitoa kauli kwamba naye atataka kisasi iwapo wanawe wote wawili watakitaka. Kadhi aliona si vizuri kumtoa mwanafunzi masomoni aje kuamua roho ya mtu, akaahirisha mpaka nimalize. Nilimshukuru sana, mpaka iliponijia kwamba yule mtu naye, huko jela, alikuwa anangoja nifaulu mitihani. Nadhani ndiye mtu pekee aliyeniombea nianguke.

Sasa nilikuwa nimefaulu, na mji mzima ulikuwa na la kunishauri.

Mabingwa wakubwa walikuwa barazani kwa ami yangu, binamu yake baba, ambako watu wa Unguja walikusanyika kila siku baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nikifika, natoa shikamoo, naitikiwa marahaba, napewa kikombe, na kabla sijakaa vizuri wameshaanza kuua.

"Siku hizi muuaji anawekewa feni," alisema ami.

"Feni na kuku," alisema aliyekaa kando yake, mzee mnene aliyekuwa na duka la vitambaa. "Wallahi, mimi sili kuku kila siku. Serikali irudishe mambo ya zamani. Nizwa zamani, mtu akiua analetwa mbele ya ngome mchana, upanga, khalas. Watu wanatazama. Mwaka mzima hapotei hata mbuzi."

"Ulikuwepo, mzee?" nikamuuliza.

"Nitakuwepo wapi, yakhe? Mimi nimezaliwa Unguja, Ng'ambo!"

Walicheka wote, na yeye akacheka, na hakuna aliyeona kwamba ushahidi wote ulikuwa umekwisha hapo. Ami akaendelea na Mwingereza. Mwingereza kule Unguja alikuwa akinyonga, alisema, bila ya makelele; unaamka asubuhi unasikia tu fulani hayupo.

"Na wizi ukaisha?" nikauliza.

"Wizi haukwisha. Lakini adabu ilikuwepo."

Niliwatazama nikiwa na kikombe mkononi. Wazee hawa wote waliondoka Unguja kwa sababu watu waliingia majumbani kuua, nao wauaji walisema ni haki. Mmoja wao, ninajua, alikaa siku nzima chini ya kitanda na magunia ya karafuu juu yake. Nikamtajia ami jambo hilo kwa adabu. Akanijibu, "Ile dhulma, hii sharia. Hujui tofauti, na wewe umesoma?" Tofauti niliijua, na ilikuwa ya kweli, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini nilikuwa nikisikiliza sauti zao, si hoja zao, na sauti zilikuwa za watu wanaoagiza chakula. Mzee wa vitambaa alitaka kujua kama siku ile ikifika jamaa wataruhusiwa kuingia, na yeye atahesabiwa jamaa.

Kisha ami akaniinamia na kusema neno lililokuwa chini ya maneno yote.

"Mwanangu, ukisamehe, hawa watu wa huku watasema sisi Wazinjibari hatuna damu. Watasema walikwenda Unguja wanaume wakarudi wanawake. Tutaishi vipi hapa?"

Kumbe ndivyo. Mtu auawe ili sisi tuhesabiwe Waarabu kamili. Baba alipokuwa hai hawa hawa walimwambia aachane na maji yale, awape tu, ya nini ugomvi. Sasa amekufa, damu yake imekuwa ya wote, kama kandambili za msikitini.

Upande wa pili haukuwa bora. Katika chumba cha walimu palikuwa na mwenzangu, mwalimu wa historia kutoka nchi nyingine ya Kiarabu, aliyesoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Yeye alisema dola isiue, kwamba mataifa yaliyostaarabika yamekwisha kuacha, na kwamba mimi nimepata nafasi adhimu ya kihistoria. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Umefikia wapi?" kama vile naandika tasnifu. Wakati huo huo mtu aliikwaruza gari yake mpya mbele ya skuli, na huyu rafiki wa ustaarabu akataka mtoto atafutwe, alazwe kwenye gwaride na kupigwa mpaka damu itoke. Nikamuuliza mataifa yaliyostaarabika yanasemaje juu ya magari. Hakunisemesha tena mpaka kesi ilipokwisha, na huo ndio ulikuwa msaada wake mkubwa kwangu.

Halafu wakaja jamaa zake muuaji. Walikuja Alhamisi moja, safu ya wazee wenye majambia na vilemba vilivyopigwa pasi, mbele yao sheikh wao. Tukawakaribisha ukumbini, kaka akawamiminia kahawa. Kila mmoja akakipokea kikombe chake, akakiweka juu ya mkeka bila ya kukigusa mdomo.

"Kahawa yenu hatuinywi," alisema sheikh, "mpaka mtupe tulilojia."

Hiyo ni mila ya huku, na ni mila ya kibabe: mgeni anakuachia aibu mlangoni mpaka umridhie. Kaka, aliyekuwa ameijulia dukani kwake, anakouza vipuri vya gari, akajibu, "Basi itapoa."

Nyuma ya pazia mama hakuijua mila yoyote. Kiarabu chenyewe alikisikia nusu. Alichoona ni vikombe vimejaa, wageni wamenuna. Kwa mwanamke wa Unguja maana yake ni moja: kahawa mbaya. Akamwita kaka kwa kugonga ukuta, na kaka, aliyezoea kumtii kabla ya kufikiri, akarudi na sinia ya chai ya maziwa yenye tangawizi, mkate wa kumimina na sambusa za moto.

Sinia ikawekwa katikati. Wazee wakaitazama kama wanavyotazama mtego. Lakini mwishoni mwa safu palikuwa na mkongwe mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamefunga utando, na hakuna aliyemnong'oneza. Alisikia harufu, akapapasa, akapata sambusa, akala. Akachukua ya pili.

"Hii imetiwa nini ndani?" aliniuliza mimi, niliyekuwa karibu yake. "Tamu."

"Nyama na bizari, mzee."

Mzozo ukazuka hapo hapo. Mmoja wao akasema, kwa kuwa mwenzao amekula katika nyumba hii, basi mwenye nyumba amekubali ombi. Kaka akasema, "Nimekubali nini? Nimekubali njaa yake!" Sheikh akasema sambusa si kahawa, na mila inataja kahawa. Mwingine akasema zamani sambusa hazikuwepo, ndiyo maana hazikutajwa. Walibishana hivyo, watu wazima wenye mvi, roho ya mtu ikiwa inaning'inia kwenye sambusa, na mkongwe akiomba radhi huku anatafuna. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa baba yake muuaji. Walimleta kama mtu anavyokwenda hospitali na mtoto mchanga wa kuazima, ili apitishwe mbele. Hata kumpa chakula njiani hawakukumbuka.

Wakaondoka, kahawa imepoa.

Nikabaki na fikira zangu, nazo hazikuwa na heshima kuliko za barazani. Nilijaribu kumchukia yule mtu kwa utaratibu. Asubuhi, nikienda skuli, nikipita karibu na ule mtende, nilitaka afe, na nilitaka niwepo. Jioni nilimfikiria askari atakayefyatua risasi: je, ana mke, na mke atamuuliza leo ulifanya nini kazini? Nikifika hapo, naanza kushuku kwamba huruma yangu ni woga uliovaa kanzu. Basi narudi kwenye chuki. Kisha nashuku kwamba chuki yangu ni ami. Nilisoma vitabu vya fikihi, nikaona wanazuoni wa zamani wanalisema jambo hili kwa maneno machache na kuendelea na mlango wa kukodisha ngamia. Niliwaonea wivu.

Kaka yangu simcheki. Katika watu wote waliotaka auawe, yeye peke yake hakutaka kitu kingine. Hakutaka sifa wala kutazama. Yeye ndiye aliyembeba baba kutoka falajini, na alinieleza mara moja tu: kwamba maji yalikuwa yamefunguliwa na yaliendelea kuingia shambani, na yeye, baba yuko mikononi, alisita akiwaza kama arudi kuyafunga. "Ndicho ninachokiota," alisema. "Silioti tundu la risasi. Naota maji." Wangekuwa wote kama yeye ningekubali, naamini. Lakini hawakuwa kama yeye. Kila aliyenijia na upanga alikuwa na haja yake pembeni, na kila aliyenijia na rehema vile vile, na nilipojipekua mwenyewe sikujikuta safi zaidi. Basi wanaotaka serikali irudishe upanga mbele ya ngome, niwaulize: aushike nani? Mimi sikumwona.

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye kiyoyozi kinachonguruma. Wakamleta. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyechelewa. Kadhi akamuuliza kaka, akajibu: "Kisasi." Akasoma kauli ya mama. Kisha akaniuliza mimi.

"Sitaki auawe," nikasema.

"Umemsamehe?"

"Hapana, sheikh. Simsamehi. Sitaki auawe tu."

Karani akainua kalamu. Kadhi akavua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya kilemba.

"Mwanangu, hapa pana milango miwili. Ama unaidai roho yake, ama unaiacha. Moyo wako mimi sikuuliza, huo atakuuliza Mwenyewe."

"Naiacha."

"Basi kwa sharia umesamehe."

Yule mtu akasema, "Allah akulipe kheri," na kwa sauti ile tu nilitaka kuyameza maneno yangu. Nje sheikh wao alinibusu paji la uso na kunitangaza mtu mwenye moyo mkubwa. Kesho yake mwalimu wa historia alifuta kiapo chake cha kutonisemesha, akanipa mkono. Barazani sikualikwa tena. Sijui lipi kati ya hayo lilikuwa jepesi zaidi. Nadhani la baraza.

Kaka alinirudisha nyumbani katika pikapu yake. Mpaka hivi ninavyoandika, nikiwa nimehamishiwa Nizwa, maneno tuliyosemezana tangu siku ile ni ya maziko na harusi. Alisimama mlangoni, hakuzima gari.

"Nenda kamwambie mwenyewe," alisema.

Mama alikuwa amekaa uani anachagua mchele. Nikamwambia. Mikono yake haikusimama.

"Atafungwa mpaka lini?"

"Miaka mingi, mama."

"Kishapo atatoka."

"Atatoka."

"Nyumba yake ipo hapa. Shamba lake lipo hapa."

"Ndiyo, mama."

Akaokota kijiwe, akakitupa pembeni.

"Sikulaumu. Nilisema nitawafuata, na nimewafuata. Lakini niambie, mwanangu, wewe uliyefikiri sana. Mimi Jumatano nakwenda soko la wanawake. Siku hiyo akiwa ametoka, amekaa mlangoni kwake anaota jua, mimi nipite wapi?"

Nilizifikiria njia zote za mtaa wetu, moja baada ya moja. Ilikuwepo ya wadini, lile bonde kavu la mto, lakini mvua ikinyesha haipitiki, na magoti yake hayawezi yale mawe. Nilikuwa bado nazitafuta aliponyanyuka, akajifunika kanga yake na kwenda nje. Nilimsikia akimwambia kaka azime gari aingie, chakula karibu tayari, na kaka akikataa, na yeye akisema tena.