Dada Tuliyemwacha Kwenye Chai

Mama alipostaafu kuchuma majani chai tulihamia Sotik, tukamwacha dada yangu nyuma. Alikuwa amezikwa kando ya kambi ya wafanyakazi, mtoto wa miezi minane aliyeuawa na homa ya mapafu kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani hakutajwa. Ndiyo maana nilishangaa mwaka juzi mama aliponiomba nimpeleke akaone kaburi. Alikuwa ametoka hospitalini, na nadhani alijua hali yake kuliko sisi.

Niliazima gari la jirani, tukaondoka Jumamosi asubuhi. Tulipopita Boito ukungu ulikuwa umelalia chai hata sikuiona kona ya mbele. Mara unafunguka, unaona mlima mzima wa chai iliyokatwa sawasawa, kijani mpaka macho yanachoka, halafu unajifunga tena. Wageni husimama hapo kupiga picha. Mama alikuwa akitazama mikono yake. Nilimuuliza kama anasikia baridi. Akasema hiyo si baridi; baridi ni ile ya alfajiri, aproni imelowa umande na mtoto amelala mgongoni.

Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa akienda kazini na dada yangu.

Tulipofika shambani, kambi haikuwapo tena. Nyumba zilibomolewa baada ya mashine za kuchuma kuletwa na watu kupunguzwa. Askari wa lango, kijana Mkipsigis mwenye adabu, alisema hajawahi kusikia habari za makaburi, lakini akakubali kutusindikiza. Tulikuta chai tupu, mistari kwa mistari, hadi ukingo wa bonde ambako maporomoko yalinguruma chini ya ukungu.

Mama alitembea kati ya mistari, akisimama kusikiliza maji, akisonga tena. Mara tatu alisema ni hapa, na mara tatu akatingisha kichwa. Nilitaka kumwambia achague popote tu. Nashukuru sikusema.

Mwishowe aliketi kando ya njia, akavua viatu.

"Simpati," akasema. "Nilidhani miguu itakumbuka."

Yule askari alichuchumaa karibu naye. "Pole, mama. Wacha tuombe hapa. Mtoto yuko shamba hili hili, hajaenda mbali."

Akavua kofia, akaomba kwa Kikipsigis. Mama ni Mkisii, lakini alikuwa amechuma chai na Wakipsigis miaka mingi, akaitikia kwa lugha hiyo hiyo. Mimi nilitazama chini.

Kabla ya kuondoka tulishuka polepole mpaka penye maporomoko. Ukungu ulipasuka kidogo, maji yakaonekana, meupe, yakianguka kwenye mwamba mweusi. Mama aliniambia kwamba msichana wake akilia alikuwa akimleta hapo, naye ananyamaza. Kisha akafululiza kunisimulia habari zake, meno yake mawili, alivyopenda uji, mpaka tukafika Sotik.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Nilipoandika wasifu wake wa mazishi niliweka watoto watano badala ya wanne. Shangazi alidhani nimekosea hesabu, nikamweleza. Siku ya mazishi kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka minne dada yetu alipokufa, ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye jina la msichana, sauti ikakatika. Nilichukua karatasi mkononi mwake, nikalisoma mimi.