Nilitafsiri Uongo, Kisha Nikampiga Daktari wa Nguruwe

Nimekosa, ndugu zangu. Sitasema ni shetani, sitasema ni shida za ukimbizi. Mdomo ulikuwa wangu na mkono ulikuwa wangu.

Mimi ni mama, nilikimbia kutoka Kivu ya Kusini nikapewa kiwanja Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Kijijini kwetu humo kambini karibu kila jirani alifuga nguruwe, na homa ya nguruwe ilikuwa ikija inawafagia wanyama. Kiingereza nakijua kidogo. Basi daktari wa mifugo alipotoka Mbarara kuja kujaribu chanjo mpya, nikachaguliwa kuwa mkalimani wake.

Jina lake nalificha. Alikuwa Munyankore, kijana mwenyeji wa huko Mbarara, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alinieleza kwa Kiingereza, bila haraka: "Mama, humu hamna kirusi kizima. Ni kipande tu cha ganda lake. Kama ngozi ambayo nyoka ameivua: nguruwe anamjua adui, lakini ngozi haiumi." Halafu akasisitiza: "Waambie ni majaribio. Hatujui kama itafanya kazi. Wasifungue nguruwe, wawalishie bandani."

Nilielewa kila neno!

Lakini watu walikuwa wamenizunguka, wananiita Madame Docteur, kana kwamba daktari ni mimi. Nikaona nikisema "hatujui" watacheka, waende zao. Nikasimama wima nikatangaza: "Hii dawa inamaliza homa! Ngurube akichomwa, hatakufa tena!"

Wakapiga makofi. Daktari naye akatabasamu, akidhani wameyapenda maneno yake. Ee Mungu wangu!

Nguruwe walipokwisha kuchomwa, jirani yangu Baba Amani akafungua wake wote wakatembee. "Madame Docteur amesema," aliwaambia wenzake. Wengi wakamfuata.

Homa ikarudi. Masikio yakawa mekundu, damu ikatoka puani, wakaanguka mmoja juu ya mwingine. Tulichimba mashimo mpaka viganja vikachubuka.

Asubuhi moja Daktari akaja na pikipiki na kisanduku chake cha barafu, achukue damu za kupima. Hakuwahi hata kukifungua. Walimzingira mbele ya nyumba yangu.

"Huyu njo aliua ngurube zetu!" Baba Amani alipiga kelele. "Alibachoma bugonjwa!"

Mpini wa jembe ukampata mgongoni. Akaanguka kwa magoti, akaniona. "Mama, ambia wao! Ni kipande tu! Ambia wao!"

Macho yote yakanigeukia. Baba Amani akauliza, "Madame, wewe njo ulitafsiri. Alisema nini?"

Ningesema ukweli angepona. Lakini ile mipini ingekuja kwangu! Nikapiga kelele: "Alinambia mwenyewe, mule muko kirusi!"

Na ili wasinishuku, nikanyakua mlangoni mchi wangu wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, nikampiga nao usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Jamani, nilisikia! Damu ikaruka kwenye kitenge changu, na wote wakamrukia kwa mawe na mateke. Polisi walipofika na kufyatua risasi hewani, jicho lake moja lilikuwa limekwisha pasuka.

Baba Amani alifungwa. Mimi hakuna aliyenitaja.

Nilimfuata Daktari hospitalini Mbarara. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikalia, nikaomba msamaha. Akaomba kalamu kwa kidole, akaandika: "Wao hawakuelewa. Wewe ulielewa." Kisha akageukia ukuta.

Chanjo haikuletwa tena kwetu. Nani angekubali kuja?

Baba Amani alipotoka gerezani, alikuja moja kwa moja mlangoni pangu, amekonda kama kijiti. Nikasema moyoni, leo amejua, leo nakufa. Kumbe ameleta maharagwe!

"Asante, Madame," akasema. "Bila wewe, hatungejua nani alitumalizia ngurube."

Niliyapokea! Niliyapika. Watoto wakala, mimi nikakaa nyuma ya nyumba mpaka wakamaliza. Mpaka leo tunasalimiana kila asubuhi, na mpaka leo sijamwambia.

Wewe unayesimama kati ya watu wasioelewana lugha, nakusihi: mtu akisema "hatujui," sema "hatujui," hata kama watakucheka. Kuchekwa hakuvunji taya la mtu. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajaanza kulipa kwa mwili wake.

Jirani yangu hajui kusoma. Anayemfahamu amsomee haya. Mimi nimeshindwa.