Kibali Ninacho, Ila Aliyekisaini Siye Mwenye Wimbo

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, nina mtoto mmoja, ni fundi cherehani hapa Tabora mjini. Nikifunga kazi huwa naimba. Narudia nyimbo za zamani za kwaya ambazo hazikuwahi kurekodiwa, naziweka mtandaoni, na namshukuru Mungu zinanilipa. Baadhi yenu mnanifuatilia, kwa hiyo nisijieleze sana.

Nianze kwa kujisifu, maana ndiko nilikoangukia. Zamani niliimba wimbo wa watu bila kuuliza, wenyewe wakalalamika, ukaondolewa, chaneli nusura ifungwe. Nikashika adabu. Tangu hapo siimbi kitu bila kibali cha maandishi cha mtunzi, na mtunzi anapata fungu lake. Wenzangu wasioomba kibali nilikuwa nawasema hadharani kwamba ni wezi, mimi mikono yangu ni safi. Kweli mdomo huponza kichwa.

Vibali vyangu vingi nilipewa na mwalimu wa kwaya wa kijijini kwetu, upande wa Tura. Ndiye baba yangu wa ubatizo. Baba mzazi alipofariki, yeye alininunulia sare na viatu vya shule, na sauti hii ninayoringia aliilea yeye. Daftari lake la nota lina jina lake juu ya kila wimbo. Alinisainia nyimbo kumi na moja, na mmoja ndio ulionitoa nikajulikana. Ni wimbo wa mama anayemwombea marehemu mtoto wake afunguliwe mlango mbinguni. Ubeti wa tatu unasema mlangoni wakiuliza ni nani huyo, mimi mama nitamtaja. Basi, wimbo unaishia hapo. Watu wanalia kwenye maoni, na mimi nilikuwa naona unaishia pazuri.

Mwezi uliopita akaja ofisini kwangu mama mmoja wa kijijini, ameshuka treni asubuhi na kidumu cha asali mkononi. Nitamwita Mama Kulwa. Kina Mama Kulwa ni wengi huku kwetu, hamtamjua. Aliimba kwaya moja na mama yangu. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwagizia chai. Akasema wimbo ameusikia kwenye simu ya kijana wa bodaboda na umemfurahisha sana. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, mbona humtaji?"

Nikamuuliza nimtaje nani. Akaweka kikombe chini, akaimba ubeti wa nne, ambao sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. "Ni Doto, mfungulieni. Hajui kubisha hodi, alikuwa bado mdogo." Aliuimba kwa sauti ya chini, kama anabembeleza mtoto. Mapacha kwetu ni Kulwa na Doto, hakuna Kulwa bila Doto, na mimi tangu utoto namwona huyu mama na Kulwa wake peke yake na sikuwahi kujiuliza mwingine yuko wapi. Wimbo aliutunga mwenyewe akipalilia, mwaka aliomzika Doto. Akawaimbia wenzake kwenye mazoezi, mwalimu akauandika.

Jumapili nikamfuata mwalimu. Wala hakukataa. "Yeye alileta kilio, mimi ndiye niliyekifanya wimbo," akaniambia. Akasema anayeandika nota ndiye mtunzi, walimu wote ndivyo walivyofanya, na wimbo wa kanisa hauwezi kubeba jina la mtoto wa mtu mmoja, ndiyo maana ubeti ule aliukata. Nikamuuliza mbona fungu lile hajawahi kumpa Mama Kulwa hata la chumvi. Na yeye akaniuliza viatu vyangu vya shule alinunua nani. Nikainuka nikaondoka. Nilikuwa na hasira ile ya kutaka kulia.

Nikaenda kwa mama yangu, angalau anitulize. Huko ndiko nilikomalizwa. Alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua uso, "Sote tulijua." Mama yangu mzazi! Amenisikia nikijinadi kwamba mikono yangu ni safi, amepokea sukari na mchele ninaomletea, na muda wote alikuwa anajua. Akaongeza kwamba nikimwaibisha mwalimu nitafute mama mwingine. Wamenisaliti watu wawili walewale walionifundisha amri ya usiibe, na inaniuma mpaka kazini nakata vitambaa vya watu vibaya.

Sasa nisikilizeni. Nilimwambia Mama Kulwa nitamlipa haki yake, akakataa, akasema hakuja kwa ajili ya hela. Anachotaka ni niuimbe tena na ubeti wake wa nne. Kitu kidogo hicho, ila kibali changu kinasema nisiongeze wala kupunguza neno bila ruhusa ya mtunzi, na kwenye karatasi mtunzi ni mwalimu. Nimemwomba ruhusa, amekataa. Amesema nikithubutu atalalamika, na nyimbo zote kumi na moja zitashuka. Hizo ndizo ada ya mwanangu. Tena nikiimba jina la Doto, kijiji kizima kitajua wimbo ni wa nani. Nikinyamaza, kila unapopigwa mama yule anamsindikiza mwanawe mpaka mlangoni, halafu mimi namfunga mdomo.

Nimeshaurekodi. Uko kwenye simu yangu, beti zote nne, kilichobaki ni kubonyeza tu. Wanaojua sheria na wanaojua uchungu wa mwana, nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu hili moja: nimtaje Doto, au nimwache palepale mlangoni?