Kadi Imekataa

Wengine huokoka kanisani. Dedan aliokokea kwenye kompyuta. Tangu aweke Linux katika saiba yake pale Eastleigh, hakuna mteja aliyechapishiwa karatasi bila kuhubiriwa kwanza. Huu, angesema akigonga skrini, ni mfumo huria: kila kilichoandikwa ndani yake kinasomeka, hakuna siri. Mteja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho aliitikia "amina" ili apewe karatasi zake aende. Mkewe, Shiro, alikuwa ameacha kubishana naye zamani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo Nafiso, muuza vitambaa wa jengo hilohilo, alipomwambia kwamba mwanawe Keynan ataoa Ijumaa kwa video, bwana harusi akiwa Ulaya na bibi harusi hapa, Dedan aliona ameangukiwa na nyota ya jaha.

"Harusi kwa simu, Mama Keynan? Wazee wakodolee macho kioo cha ukubwa wa kiganja? Hapana. Niachie mimi hiyo."

Akaahidi kamera nne: ya kadhi, ya mashahidi, ya Mzee Aweys baba wa bibi harusi, na ya Kawsar, bibi harusi mwenyewe. Ndoa hii ikipita salama, harusi zote za mtaa zitapitia kwake.

Tatizo ni kwamba kompyuta yake ilikuwa na tundu moja tu la USB linalofanya kazi. Alienda mjini akanunua kadi ya kuongeza matundu. Boksi liliapa kwamba kadi inaelewana na mifumo yote, na pembeni pamechorwa ngwini, nembo ya Linux, akitabasamu. Dedan akamwamini ngwini. Alhamisi aliichomeka, akawasha, na kadi ikanyamaza kama mgeni aliyenuniwa. Alipochunguza akakuta chipu ya ndani si ile iliyotajwa kwenye boksi. Hii ilitaka kwanza faili dogo la mtengenezaji ndipo iamke, faili lililofungwa, lisilosomeka na mtu. Yeye, mhubiri wa kutokuwa na siri! Iliuma. Akamwandikia Nafiso: "Kadi imekataa. Usijali, leo natafuta nyingine."

Sasa, Nafiso humwita kadhi "kadi", kama mamake alivyomwita. Mwalimu wa Kiswahili angesema herufi moja ilitosha kumwokoa: kadhi amekataa, kadi imekataa. Mwalimu huyo hakai Eastleigh. Huku mama imeenda sokoni, polisi imekuja, baba imelala. Ngeli tulizizika zamani, na matanga hatukukaa.

Na kadhi hakatai bure. Nafiso akampigia mwanawe.

"Kadi imekataa, Keynan! Umefanya nini wewe?"

Keynan alijua mara moja. Mwizi hahitaji kuitwa jina. "Hooyo, mama yangu," akasema, "nani amewaambia? Nilitaka kueleza baada ya harusi. Huyu mke wa huku..."

Nafiso akaketi juu ya robota la vitambaa. Mzee Aweys alikuwa ametoa sharti moja mbele ya watu: Kawsar haolewi mke wa pili. Nafiso angeweza kunyamaza, na Mungu anajua alitamani kunyamaza. Keynan ni mwanawe wa pekee. Lakini binti wa watu si kitambaa, ukikata vibaya uvute kingine. Alilia mpaka akatosheka, akajifunga ushungi, akaenda kumweleza Mzee Aweys, naye akaamua Ijumaa wakutane vivyo hivyo, Keynan ajieleze mwenyewe mbele ya Kawsar.

Dedan hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa amejifungia saibani akila matapishi yake: aliliingiza lile faili lililofungwa, kadi ikaamka mara moja bila haya. Ijumaa kamera zote nne ziling'aa. Wageni walipoingia bila kadhi wala halua, alidhani vinafuata nyuma.

"Mzee, furahini! Kadi imekubali!"

"Kadi gani?" akauliza Mzee Aweys.

Dedan akainua boksi. Nafiso akamtazama yule ngwini, kisha akamtazama Dedan.

"Hii ndiyo ilikataa?"

"Ndiyo, mama. Lakini sasa iko fiti kabisa."

Nafiso alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakamtikisika, na Dedan hakujua kama analia au anacheka. Kwenye skrini Keynan alitokea, amevaa suti. Alianza kumweleza Mzee Aweys, akamweleza mamake, akamweleza hata Dedan. Kawsar akasogeza kiti mpaka mbele ya kamera yake.

"Ananiona?"

"Vizuri sana," akasema Dedan kwa fahari.

"Na ananisikia?"

"Kila neno."

"Keynan," akasema Kawsar, "umewaeleza wote. Mimi ningekusikiliza ungenieleza mapema. Sasa sikutaki."

Akauliza pa kuzima kamera ni wapi. Dedan akamwonyesha kwa kidole, mara hii bila mahubiri.