Bastola Aliyompimia Harlan

Shemeji yangu Verlin Maddox hajui kuimba, hajui kucheza, na akiombwa kufunga sala kanisani hutokwa jasho mpaka kola inalowa. Lakini mpe bastola mkononi, atakueleza habari zake kama mama mkwe anavyoeleza habari za mkamwana. Miaka yake ya nguvu aliimaliza kwenye kiwanda cha mbao kando ya mto. Kiwanda kilipofungwa akapata kazi ya kaunta katika duka la bunduki na chambo hapa Cutler Springs. Ni duka moja: upande huu minyoo na visamaki vya kuvulia, upande ule bunduki, na mlango ni mmoja.

Huku kwetu kusini mwa jimbo la Missouri, Marekani, watu wazima wengi hubeba bastola chini ya shati, na haulizwi mtu, kama vile haulizwi amevaa soksi gani. Mimi mwenyewe ninayo kwenye mkoba. Kwa hiyo ushauri wa Verlin haukosi wateja. Wanaume wanakesha wakitazama video za vijana wenye ndevu wakisifia bastola, halafu wanakuja kumwuliza yeye, kwa sababu Verlin hasifii kitu ambacho hajaishi nacho.

Na anaposema kuishi nacho, ni kuishi nacho kweli. Anaivaa kiunoni wiki nzima. Anakata nyasi akiwa nayo, anabeba magunia ya chakula cha ng'ombe akiwa nayo, anakaa nayo kanisani kwenye benchi gumu. Dada yangu Oleta anaamriwa amzunguke jikoni kama fundi cherehani amwambie kama inaonekana chini ya shati. "Inaonekana," Oleta humwambia, hata kama haionekani, ili tu amwache aendelee na vyungu vyake. Baadaye Verlin anakwenda nyuma ya zizi kutoboa sahani za karatasi kwa risasi. Anaipiga kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, na glavu, bila glavu, na vidole vikiwa na mafuta. Kama itakwama, anataka ikwame pale, mbele ya sahani.

Mimi nilikuwa namcheka. Wanaume wa huku nawajua. Hawawezi kukaa mezani wakasema "nina huzuni" hata ukiwachoma moto. Watazungumza injini, watazungumza kulungu, watazungumza uzito wa kifyatulio, na wewe mwanamke ujitafutie mwenyewe humo ndani wanaugua nini.

Harlan Criddle alikuwa rafiki yake tangu wakiwa watoto wa miguu mitupu. Waliwinda pamoja, wakafukuzwa shule pamoja, wakasimamiana harusi. Mkewe Harlan, Nadine, alikufa kwa saratani wakati wa baridi kali, ardhi ikiwa imeganda mpaka wachimba kaburi wakaleta mashine. Baada ya mazishi Harlan akawa mtu wa kuitikia tu. Ukimsalimu anaitikia, ukimpelekea chakula anashukuru, bakuli linarudi limeoshwa, na huwezi kujua kama kilichokuwemo kililiwa na yeye au na mbwa, ila suruali zake zilikuwa zinampwaya.

Miti ilipoanza kuchipua, Harlan akaingia dukani akamwambia Verlin anataka bastola ndogo ya kubeba. Alisema kuna wezi wanavunja nyumba barabara ya kwao. Verlin alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Tangu mazishi, hicho kilikuwa kitu cha kwanza Harlan kukitaka, na mtu anayetaka kitu, Verlin alisema, huyo ameanza kurudi. Tukakubaliana naye. Sisi sote tulikuwa na hamu ya kuamini hivyo.

Dukani kulikuwa kumeingia bastola mpya, fupi, nyembamba, unaifunika kwa kiganja, lakini mpini wake unabeba risasi nyingi sawa na bastola kubwa ya polisi. Verlin hakuwa tayari kuiamini kwa maneno ya kiwandani. Akajinunulia ya kwake ya aina ileile ili ampimie Harlan. Sijawahi kumwona akipima kitu kwa moyo namna ile. Aliilalia, aliipandia trekta, alikwenda nayo kuvua. Alilalamika kwamba risasi za mwisho ni ngumu kushindilia mpaka kidole gumba kinauma, na kwamba inaruka mkononi kuliko kubwa, kwa hiyo ya kwanza itapiga vizuri na ya pili itakwenda juu usipoishika barabara. Akatafuta dawa ya kila kasoro. Alimtafutia Harlan hata ala ya kiunoni ya ngozi laini, maana Harlan ana mfupa wa nyonga uliovunjika zamani kwa kuanguka mtini.

Harlan alipokuja kuichukua, mimi nilikuwa upande wa minyoo nikinunua chambo, nikaona yote. Verlin aliiweka ile bastola juu ya kitambaa, akaifungua kuonyesha iko tupu, akaanza mahubiri yake. Harlan alikuwa anatazama dirishani.

"Njoo Jumamosi tutoboe sahani," Verlin akamwambia. "Uizoee mkono."

"Siku nyingine."

"Na ala je? Nimekutafutia hii, haitakugusa ule mfupa wako."

"Sihitaji."

"We mzee, utaibeba kwenye kofia?"

"Verlin," Harlan akasema, na sauti yake haikuwa na hasira wala mzaha, "we nifungie tu."

Akamfungia. Verlin alikuwa na uso wa mpishi aliyerudishiwa sahani bila kuonjwa. Harlan akalipa, akanisalimu kwa adabu kama kawaida yake, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada tukala kwa Oleta. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, maharage mabichi na mkate wa mahindi, na Verlin hakuacha kunung'unika. Nimempimia wiki nzima, alisema, na hakuuliza hata swali moja. Nimemwambia inabeba risasi nyingi kiasi gani, mtu mwingine yeyote angepiga mluzi, yeye anatazama magari.

Oleta akasema labda ataiweka kando ya kitanda tu, kwa hao wezi.

"Wa kando ya kitanda anachukua kubwa," Verlin akajibu. "Kubwa ni rahisi kuipiga. Ndogo faida yake ni kubebwa, basi. Sasa mtu anataka ya kubeba, na ala hataki. Ataibeba wapi?"

Nikasema, kwa kuendeleza tu mazungumzo, kwamba Harlan siku hizi ana mkono wazi kweli, maana bunduki zake zote za kuwindia amewagawia wapwa wake. Oleta akasema ndiyo, na yule mbwa wake kampa mchungaji wiki iliyopita, tena na bakuli lake la chakula.

Tulikuwa tumesifia mambo hayo kanisani, kila jambo siku yake. Bunduki tulisema ni ukarimu. Mbwa tulisema ni busara, mzee peke yake atamtunzaje. Wahenga wana maneno yao kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa ameficha kitu. Alikuwa akifunga mizigo mbele ya macho yetu, na sisi tunampigia makofi.

Verlin akaweka uma chini. Nilimwona akibadilika rangi kuanzia masikioni. Oleta, ambaye mguu wake ulikuwa mbovu, akanigeukia akaniambia, "Nenda naye. Huyu akifika ataanza kuzungumza mvua."

Njiani Verlin aliendesha pikapu mbio. Mimi nilimpigia simu binti yake Harlan anayekaa mji wa Tulsa, nikamwambia aje leo hii, asiulize. Halafu nikaomba, na sikuomba kwa adabu. Nilimwambia Mungu kwamba ya Nadine yanatosha.

Tulimkuta Harlan jikoni, amekaa mezani, yuko hai. Nyumba ilikuwa safi mno. Vyombo vyote vimeoshwa, takataka zimetolewa, na koti la Nadine lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Alitukaribisha kahawa. Na Verlin, kama dada yangu alivyotabiri, akaanza kuzungumza mvua. Akatoka kwenye mvua akaenda kwenye kambare, akatoka kwenye kambare akaenda kwenye bei ya nyasi kavu. Nilitamani kumpiga teke chini ya meza. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alinyamaza katikati ya sentensi.

"Harlan," akasema, "unataka kujiua?"

Sijawahi kusikia mwanaume wa huku akimwuliza mwenzake hivyo, waziwazi, kahawa ikiwa mezani. Harlan alikigeuza kikombe chake taratibu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nakuuliza mimi."

"Unajua humu ndani mlivyo tangu Nadine aondoke? Hujui. Wewe unarudi nyumbani, kuna mtu wa kukugombeza."

"Ni kweli sijui," Verlin akasema. "Nipe hiyo bastola nikuwekee. Kwa muda tu."

Nikuwekee. Huku kwetu hilo neno lina heshima yake. Mtu akiachika, akizama kwenye ulevi, akifiwa, rafiki huja akasema nikuwekee bunduki zako, na zinakwenda kwenye kasha la rafiki, na siku mambo yakitulia zinarudi bila maneno. Hakuna aliyenyang'anywa. Mwanaume anabaki mwanaume. Verlin amewawekea watu wengi hivyo, na wote walimpa.

"Usiseme kuniwekea," Harlan akamjibu. "Mimi si mlevi, na sijaachika. Uliniuzia mwenyewe, ukanipimia mwenyewe. Kama unataka kuninyang'anya, sema unaninyang'anya."

Verlin akamtazama sana. Angeweza kubembeleza. Angeweza kuzunguka tena kwa njia ya kambare.

"Basi nakunyang'anya," akasema.

Harlan akasimama. Ni mtu mrefu kuliko Verlin, na kwa mara ya kwanza maishani niliwaogopa wote wawili. "Ukitoka nayo mlango huo," akasema, "usirudi. Mimi na wewe tumemalizana. Yote. Tangu tukiwa watoto, tumemalizana."

"Sawa," Verlin akasema. "Iko wapi?"

Macho ya Harlan yakaenda kwenye droo iliyo chini ya kopo la mkate, na Verlin akayafuata. Aliifungua, akaitoa bastola, akazitoa risasi, akaikagua mara mbili kama anavyofanya dukani. Nje alishindwa kutia ufunguo kwenye pikapu mpaka akakaa kwanza kwenye ngazi ya baraza, mzee mzima, akilia kwa sauti, na mle ndani Harlan anamsikia.

Nilibaki na Harlan mpaka binti yake akafika jioni. Aliniambia mara moja tu, kama mtu anayesoma tangazo, "Verlin aliniambia haikwami kabisa." Nikamshika mkono. Akaniacha nimshike.

Binti alimpeleka kwa madaktari, Harlan akakaa huko mpaka majira ya joto yakapita, akarudi na dawa na miadi ya kila wiki na mshauri mmoja wa kike wa Springfield anayemsikiliza. Alirudishiwa mbwa wake. Wapwa wanakuja kumpikia kwa zamu. Mimi ananisalimu, hata Oleta anamsalimu. Asiyemsalimu ni Verlin tu. Kanisani alihama benchi. Mama yake Verlin alipofariki, yule mama aliyemlea Harlan nusu ya utoto wake, Harlan alikuja makaburini akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya Verlin kugeuka.

Verlin haendi tena nyuma ya zizi kupima bastola za watu. Bado yuko kaunta, lakini mtu akija peke yake, mara ya kwanza, na uso fulani, Verlin humwuliza kwanza hali ya nyumbani. Wateja wengine humcheka na kumwita mchungaji. Wawili watatu wameondoka na hasira. Mmoja alikaa kwenye kiti cha upande wa minyoo, akazungumza mpaka duka likafungwa. Sikumjua, na Verlin hataki kuniambia jina lake.

Juzi zimamoto walikuwa na karamu yao ya kambare wa kukaanga. Tulikuwa kwenye foleni na sahani zetu, na Harlan alikuwa mbele kidogo. Akageuka, akamwona Verlin, akampa mgongo taratibu, makusudi, kila mtu aone.

Mimi nikawaka. Nilisema kwa sauti ya kutosha kwamba asante ya punda ni mateke, na kwamba kama si Verlin huyo mtu asingekuwa na mgongo wa kumpa mtu. Oleta akanifinya. Verlin hakuwa ananisikia. Alikuwa anautazama ule mgongo, ameinamisha kichwa upande, macho yamelowa.

"Shemeji," akaniambia polepole, "umemwona? Suruali imeanza kumbana."