Steringi Aliyekataa Kufa Makambako

Aliyeniambia kwanza ni jirani yangu muuza viazi: "Mwenzangu, mdogo wako kile kitabu cha mtihani wa kesho anakisomea kwenye banda la video, stendi ya Makambako."

Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda. Ilikuwa filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho. Kwenye skrini mabwana wa upanga walirushiana mateke juu ya paa la kanisa, huku mtafsiri wa banda akipiga kelele kwenye maiki: "Tulieni, wajomba! Steringi hafi!"

"Shujaa wenu anakufa," nilimnong'oneza mdogo wangu. "Kitabu nimekisoma nikinyonyesha. Anakufa kitandani, kwa homa."

"Dada, acha ushamba. Ona teke hilo!"

Homa haipigi teke, ndiyo maana wenye filamu wameitupa, na riwaya nzima pamoja nayo.

Asubuhi yake, kabla hajaenda kwenye mtihani, nilimsomea sura ya homa. Steringi alipokata roho, mdogo wangu alilia; nikamwekea uji.