Bisi za Itigi na Posa ya Daudi

Sikwenda Itigi kutembea. Daudi, mtoto wa marehemu kaka yangu, alimpenda Mariamu, binti wa huko, na ukoo ukaniteua mimi, shangazi mtu, nikapeleke posa. Waliniteua kwa kuwa najua kuongea. Hakuna aliyelifikiria tumbo langu.

Asubuhi nilipanda basi hapa Issuna. Manyoni nikabadilisha gari, nikaikataa mihogo ya kukaanga, maana nilitaka kufika na njaa ya heshima. Mbele ya hapo vichaka vya Itigi vikatuzunguka, vimesongamana hata mbuzi hapenyi. Njia nzima nilikuwa nairudia hotuba yangu, midomo ikinichezacheza, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Mchana nikafika Itigi. Kina Mariamu wanakaa karibu na stesheni. Nilimkuta bibi yake, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani hapo, akikaanga bisi kwenye chungu kilichofunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Hapa mgeni haongei na njaa."

Akaniwekea bakuli lililojaa, bisi zimemiminiwa asali. Nikawa nakula huku akinisimulia kwamba utotoni mwake bisi zilikuwa za mtama. Za mahindi walizizoea baadaye, na usichana wake wote alizifunga kwenye karatasi akawauzia abiria madirishani, treni ikisimama. Siku hizi, alisema kwa uchungu, watu wanazitia rangi kama wanatengeneza vitenge.

Kwetu sisi kubakiza chakula cha mwenyeji ni dharau. Nikamaliza. Akajaza. Nikamaliza tena, akajaza tena, safari hii amenuna. Kila nilipotaka kutaja posa, ambayo alikwisha kusikia habari yake, aliniambia, "Kula kwanza." Mwishowe gauni likanibana, taya zikachoka, na nikaiona ndoa ya Daudi inanifia mikononi.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimeshindwa. Hizi zilizobaki siziwezi hata ukinichapa."

Akashusha pumzi. "Kumbe una mwisho! Hapa kwetu mgeni akishiba hubakiza kidogo, za yule ambaye hajafika. Wewe umepangusa mpaka asali. Nikajiuliza, Mariamu akichelewa shambani, kwa watu hawa atakuta nini?"

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Niliona aibu kweli. Nikabaki na neno moja tu la kusema.

"Kwetu hatubakizi, mama. Anayechelewa anapikiwa upya."

"Moto unawashwa tena kwa ajili yake?"

"Unawashwa."

"Hata akiwa peke yake?"

"Hata akiwa peke yake."

Akageukia mlangoni, sauti imemlegea. "Mariamu! Njoo umsalimie shangazi yako."

Kesho yake nilirudi Issuna, tumbo bado zito. Daudi alikuwa ananisubiri kituoni, amekonda kwa siku moja, akanipokea mkoba. Njiani nilikuwa nimejifunza kwamba adabu ya nyumba moja ni ulafi katika nyumba nyingine, na kwamba ahadi niliyoitoa kule si mimi nitakayeitimiza.

"Shangazi, wamekubali?"

"Wamekubali. Tukifika nyumbani weka mkoba chini, twende jikoni. Leo unajifunza kuwasha moto."